Mpini wa Mama Mdogo

Kisu nilikinunua Ifakara, kwenye turubai la muuza mitumba, chini ya rundo la uma na vijiko visivyofanana. Bapa lilikuwa jeusi kama mgongo wa sufuria. Mpini ulikuwa umepasuka kwa urefu, ukiukamata unakufinya kiganja. Nilitoa shilingi elfu tatu. Karibu na mpini zilikuwa zimebaki herufi chache, S-O-L-I-N, nyingine zimelika. Hizo zilinitosha. Solingen ni mji wa Ujerumani uliofua panga na visu kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1938 sheria ya huko hairuhusu kisu kilichotengenezwa kwingine kubeba jina hilo. Huku kwetu kitu kikidumu watu husema, "Hicho cha Mjerumani," na hawahitaji kueleza zaidi.

Nilimpelekea mama mdogo, Mbingu. Anayeijua njia ya Ifakara kwenda Mlimba anaijua Mbingu: milima ya Udzungwa upande mmoja, bonde la mpunga upande wa pili, reli ya TAZARA katikati, na siku hizi kokoa chini ya migomba karibu kila kaya. Mama mdogo halimi kokoa. Anauza samaki. Analetewa kambale na kitoga kutoka Mto Kilombero na vijito vyake, anawapasua, anawabanika kwa moshi mpaka wanakauka, kisha anawauza kwa wasafiri na wenye vibanda. Kisu kwake ni kama jembe kwa mkulima.

Alikipokea, akapima makali kwa kidole gumba, akaguna kwa kuridhika. Kisha akafumba kiganja kwenye mpini na uso ukabadilika.

"Chuma nimekipenda, mwanangu. Ila hapa kinang'ata."

Mimi nilikuwa nimeshawaza kuuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofanya wengi. Kisu chake cha zamani kilikuwa hivyo hivyo, na chini ya ule mpira kulikuwa na tabaka la plastiki iliyoyeyushwa motoni. Yeye ndiye aliyekataa. Kuna mzee pale barabarani, alisema, anayetia mipini ya majembe, mundu na mashoka. Nimpelekee.

Banda lake liko chini ya mwembe. Nguzo nne, bati, jiriwa iliyofungwa kwenye gogo, na fuawe ambayo ni kipande cha ekseli ya lori kilichosimamishwa ardhini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mundu aliokuwa akiunoa. Alipomaliza alikichukua kisu, akakielekeza kwenye mwanga, akatazama mgongo wake kama mtu anayekagua unyoofu wa ubao. Hakuuliza nilikinunua wapi wala kwa kiasi gani.

"Nani atakitumia?"

"Mama mdogo wangu, mzee. Muuza samaki."

"Basi mlete. Mkono wako mimi sina kazi nao."

Mama mdogo alikuja jioni, bado ananukia moshi. Fundi alikuwa amekanda donge la udongo wa mfinyanzi, unene wa mhindi uliomenywa. Akampa na kumwambia alishike kama anapasua kambale, kichwani, pale penye mfupa mgumu. Mama mdogo akashika, akakaza, akaachia. Fundi akaligeuza lile donge polepole. Vidole vitatu vilikuwa vimezama sawasawa. Kidole cha shahada hakikuwa na alama pamoja na vingine; alama yake ilikuwa mbele na juu, imelala. Maana yake mama mdogo hukiweka juu ya mgongo wa kisu ili kukiongoza. Mpini wa zamani ulikuwa na kona kali mahali hapohapo. Kwa miaka yote ambayo nimekula samaki wake sikuwahi kuona anavyoshika kisu.

Udongo ule ulianikwa juu ya bati, nao ndio uliokuwa mchoro wa kazi nzima.

Kuvua mpini wa zamani hakukuchukua muda. Ulikuwa wa mashavu mawili ya mti yaliyobana mkia wa chuma katikati, yakishikwa na ribiti tatu za shaba nyeupe. Mkia ndivyo anavyoiita fundi ile sehemu ya kisu inayoingia mpinini. Alipitisha tupa juu ya vichwa vya ribiti mpaka vikaisha, akazisukuma nje kwa msumari uliokatwa ncha, na mashavu yakaachia. Ndani kulikuwa na kutu, nene, ya tabaka tabaka, inayobanduka kama gome la mpera.

"Hapa ndipo kisu kinapofia," alisema. "Watu wanaangalia makali. Kisu kinafia ndani ya mpini, hakuna anayekiona."

Akanieleza, na maelezo yake yalinionyesha bonde zima ndani ya kitu cha urefu wa kiganja. Bonde la Kilombero ni mbuga ya mafuriko, kubwa kiasi kwamba mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Masika yakishuka, hewa yenyewe ina maji. Mti unayanywa na kuvimba. Kiangazi unakauka na kusinyaa, lakini chuma hakisinyai pamoja nao, kwa hiyo kati yao hubaki mwanya mwembamba kama unywele. Masika yanayofuata maji yanaingia kwenye mwanya huo, pamoja na damu ya samaki na chumvi. Chuma kinaanza kuota kutu, na kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma. Ule ufa niliodhani umetokana na kisu kuangushwa ulikuwa umesukumwa kutoka ndani, mwaka hadi mwaka. Na mpira wa tyubu niliotaka kuuzungushia ungeyafungia maji humo humo.

Mkia ulisuguliwa kwa ndimu na majivu, ukaoshwa, ukakaushwa kando ya moto, ukapigwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Ulikuwa umeliwa, lakini si sana. Nilitarajia bapa nalo lingesuguliwa ling'ae. Hakuligusa. Kisu hiki ni cha chuma cha zamani, si cha kile kisichoshika kutu, na ule weusi wa miaka mingi ni ngozi inayozuia kutu nyekundu isichimbe. "Weusi huu si uchafu," alisema. "Ni koti lake. Ukimvua, atapata baridi." Nimeona visu vingi vya zamani vilivyong'arishwa na watu wenye haraka, na sasa najua vilipoteza nini.

Kisha likaja suala la mti, na hapo nilijifunza kunyamaza. Mimi nilisema mpingo, kwa sababu ndio mti ninaoujua kwa sifa: unazama majini, na Ulaya wanautengenezea klarineti. Fundi hakuukataa. Alisema ni mti mzuri sana kwa kisu kifupi cha mwanamume anayekitumia mara moja kwa siku. Kwa mwanamke anayepasua ndoo mbili za samaki kabla ya jua kuchomoza, uzito ule utamfikia begani. Tena mpingo usiokaushwa kwa miaka unapasuka siku usiyoitegemea. Mninga anaupenda kwa sababu hausinyai sana, ila kwake huo ni mti wa milango na vitanda. Mtiki, ambao katika Kilombero na Ulanga una mashamba makubwa yaliyopandwa tangu miaka ya 1990, una mafuta yake ya asili na hauogopi maji, lakini kwa kisu hiki aliuona mwepesi. Miti ya msituni hakuitaja kabisa. Msitu wa juu ni hifadhi, na yeye hana haja nao.

Alichokitoa darini kilikuwa nusu ya mchi.

Ulikuwa wa mkwaju, umevunjikia kinuni nyumbani kwa jirani, na fundi akaomba vipande. Mti uliotwanga mpunga kwa miaka mingi umeshakauka kuliko mbao yoyote dukani, umeshindiliwa kila siku, na pale unaposhikwa umekunywa mafuta ya mikono ya wanawake. Kama ungekuwa na ufa wa siri, ungeshaonekana. Aliupasua katikati kwa msumeno mwembamba, na ndani, chini ya ile rangi ya njano ya nje, kulikuwa na moyo wa kahawia iliyoelekea zambarau, nyuzi zake zimesokotana. Mashavu yote mawili aliyakata kwenye kipande kimoja na kuyafungua kama kitabu, ili yakivimba yavimbe pamoja, yakisinyaa yasinyae pamoja.

Asubuhi nzima ya siku ya pili ilikuwa ya kusawazisha. Kipande cha kioo cha dirisha, msasa umelazwa juu yake, shavu la mti linapelekwa mbele na nyuma kwa mkono uliotulia. Kila baada ya muda alilibandika kwenye mkia na kuviinua pamoja juani. Palipopenya mwanga, alirudi kwenye msasa. Kitambaa alikuwa amejifunga puani, maana vumbi la miti migumu linakaba kifua. Mara ya tano au ya sita mimi sikuuona mwanga tena. Yeye aliuona. Alirudi mara mbili zaidi, kisha akanipa nitazame, na kweli, chuma na mti vilikuwa kama vimezaliwa pamoja. Mwishoni akafanya jambo lililonishangaza: baada ya kazi yote ile ya kulainisha, alikwaruza sehemu ya kati ya kila shavu, kidogo tu, akaacha kingo zikiwa laini. Gundi inahitaji pa kukaa. Ukibana mbao mbili laini kabisa, gundi yote inakimbilia nje na ndani hakubaki kitu.

Utoboaji nao una mpangilio wake, na ukiukosea kazi yote imepotea. Ukitoboa mashavu mawili kila moja peke yake, matundu hayatakutana. Yatapishana kwa unene wa kucha, na ribiti ikilazimishwa kupita itapasua mti. Yeye alibana shavu la kwanza kwenye mkia, akatoboa kwa keekee ya mkono kupitia matundu ya zamani ya chuma. Akachomeka misumari ya muda humo ili kitu kisisogee. Ndipo akabana shavu la pili upande wa pili, akageuza, akatoboa kupitia matundu ya lile la kwanza. Matundu matatu, kila moja likiongozwa na lililotangulia. Mdomo wa kila tundu akaupanua kidogo kwa ncha ya keekee nene zaidi, ili kichwa cha ribiti kipate kitako.

Nilidhani sasa tunatia gundi. Bado.

Sehemu ndogo ya mbele ya kila shavu, pale mti unapokomea na bapa kuanza, ina ukubwa usiozidi ukucha wa dole gumba. Fundi alikaa nayo alasiri nzima. Aliyafunga mashavu mawili pamoja kwa misumari yake bila kisu katikati, akaziinamisha zile ncha kwa tupa, akazilainisha kwa msasa mkavu, msasa mwembamba zaidi, mwisho kwa kipande cha ngozi. Nilimuuliza kwa nini asimalize hapo mwishoni pamoja na mpini wote. Akachukua kisu, akaweka ncha ya tupa mahali ambapo mti ungekuwa umeshagundishwa, akaonyesha: huwezi kuifikia sehemu ile bila kuchana bapa. Ikishagundishwa imekwisha, ilivyo ndivyo itakavyokuwa maisha yake yote. Tangu siku hiyo kila nikishika kisu cha mtu huangalia hapo kwanza. Hapo ndipo unapojua kama aliyekitengeneza alifikiri mbele au alikuwa anakimbizana na jua.

Ribiti alizikata kutoka waya nene ya shaba iliyonunuliwa dukani. Alizichoma mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Nikasema, mzee, si zitakuwa ngumu? Akasema chuma cha kisu ndicho kinachokuwa kigumu ukikifanya hivyo. Shaba inalainika, na shaba laini inakubali nyundo. Gundi ilikuwa ile ya mirija miwili, sawa kwa sawa, ikachanganywa juu ya kipande cha bati. Kisha akavibana vyote kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vikizungushwa kwa nguvu ya wastani, na kuviacha hadi asubuhi. Tyubu ilikuwa na kazi yake, basi, ila ya usiku mmoja tu.

Asubuhi ya tatu nilifika mapema kuliko yeye, maana sikutaka kuikosa nyundo. Shaba ilikuwa imechomoza pande zote mbili, kama unene wa sarafu. Alilaza upande mmoja juu ya ekseli na kuanza kugonga kwa nyundo ndogo ambayo mimi ningeiona ya mtoto. Hakupiga katikati. Alizunguka ukingoni, pigo jepesi, anageuza, pigo jepesi, anageuza, na shaba ikaanza kufunguka kama uyoga na kujaza ule mdomo wa tundu. Pigo moja zito lingetosha kuumaliza ule mti wa miaka yote. Alikuwa anasikiliza. Mwanzoni mlio ni mkavu, vitu viwili vinavyogongana. Shaba ikishakaa, mlio unakuwa mmoja, mzito. Alipousikia aliacha, hata kama kichwa kilikuwa hakijapendeza machoni. Kupendeza ni kazi ya tupa.

Kuchonga umbo alikufanya karibu bila kuniangalia, lile donge la udongo likiwa pembeni ya goti lake. Bapa lilikuwa limefungwa kitambaa kinene. Tupa ya meno makubwa kwanza, kisha tupa laini, kisha kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho kwenye mti mgumu kinatoa maganda membamba kuliko karatasi. Mpini haukuwa mviringo. Mpini wa mviringo unageuka mkononi, na mkono wenye utelezi wa kambale haujui makali yameelekea wapi. Huu ulikuwa wa umbo la yai, mwembamba juu na chini, ili kiganja kijue kwenye giza la alfajiri upande upi unakata. Nyuma uliongezeka kidogo, uzuie mkono usiteleze. Mbele, mahali pa kidole cha shahada, palishushwa na kulainishwa mpaka mti na mgongo wa kisu vikapokezana bila kona. Mara mbili alimwita mama mdogo. Mara mbili mama mdogo alishika, akafumba macho bila kuambiwa, akasema, "Bado kidogo hapa," na mara mbili fundi alikuwa ameshaanza kuchukua tupa kabla sentensi haijaisha.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida kwa mafundi wote wanaojiheshimu. Mpini ulilowanishwa kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, ukakauka, ukapigwa msasa tena, mara tatu, ili ukilowana kazini usiote miba. Kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, ikasuguliwa kwa kiganja mpaka mti ukapata joto. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka mipini ya majembe, hapa hakuitaka hata kuiona. Kisu hiki kinagusa chakula cha watu.

Alinitajia elfu kumi na mbili. Mpini umegharimu mara nne ya bei ya kisu, na nasema wazi kwamba ni bei ndogo mno. Siku tatu za macho yale na mikono ile hazilipiki kwa pesa hiyo, na tunapolalamika kwamba mafundi wa namna hii wanapungua tukumbuke tunavyowalipa. Niliongeza. Alipokea kwa mikono miwili, akahesabu zake, iliyozidi akampa mjukuu wake aliyeshinda siku zote tatu akishika msasa na kuokota maganda.

Alfajiri ya siku niliyoondoka niliamshwa na sauti ya kisu kwenye ubao, nje, karibu na banio. Mama mdogo alikuwa na ndoo ya kwanza. Kambale alilazwa, kidole cha shahada kikalala juu ya mgongo wa bapa, kisu kikapita kichwani bila kusita. Ndoo ilipoisha hakukitia kwenye maji na vyombo vingine. Alikifuta, akakikausha, akakitundika ndani juu ya mlango, mahali ambapo watoto hawafiki.

Kipande kilichobaki cha ule mchi kimerudi darini kwa mzee, chini ya mwembe, kando ya barabara ya Mlimba. Kinatosha mipini mingine mitatu. Mwenye kisu cha zamani kinachong'ata na ampelekee, na aende pamoja na mkono utakaokitumia.